Makosa ya upasuaji: Ajali hii ina kinga

WATU wengi wanapoambiwa na daktari kwamba hawana budi kufanyiwa upasuaji huuliza maswali mawili: Je, itanigharimu pesa ngapi? Na je, nitaamka? Ni wachache mno wanaouliza swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu lina uzito sawa na hayo mawili: Je, watu watakaonipasua wamejiandaa vipi ili wasikosee?

Huenda ukadhani kwamba swali hilo ni utovu wa adabu, au kwamba halina jibu. La hasha! Kuna wataalamu ambao kazi yao ni kupima uwezekano wa binadamu kukosea kazini. Walianza na mitambo ya nyuklia na ndege, na siku hizi wamefika hata kwenye chumba cha upasuaji. Leo, msomaji mpendwa, nataka tujifunze jinsi wanavyopima, na jinsi maarifa hayo yanavyoweza kukufaa wewe au jamaa yako siku mtakapofikia meza ya upasuaji.

Tuanze na kisa ambacho wengi wetu tunakikumbuka. Mnamo Machi 2018, Wakenya walishtuka kusikia kwamba mgonjwa mmoja alikuwa amepasuliwa kichwa kimakosa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Wagonjwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na donge la damu kwenye ubongo na alihitaji kupasuliwa. Mwenzake alikuwa na uvimbe ambao ungetibiwa bila kisu. Vitambulisho vyao vikachanganyika, na huyo wa pili ndiye aliyepelekwa mezani. Upasuaji ulikuwa umeendelea kwa saa kadhaa madaktari walipogundua kwamba donge walilokuwa wakilitafuta halikuwepo.

Wagonjwa wote wawili walinusurika. Hospitali iliwasimamisha kazi watu wanne: daktari wa upasuaji wa ubongo, muuguzi wa wodi, muuguzi anayepokea wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji, na mtaalamu wa nusukaputi. Naye mkuu wa hospitali akalazimishwa kwenda likizo.

Mitaani na kwenye matatu, swali lilikuwa moja tu: Nani alikosea? Ni swali la haki. Lakini liko jingine ambalo lingewafaa zaidi wagonjwa wanaokuja kesho: Iliwezekanaje kosa moja lipite mbele ya watu wanne waliosomea kazi yao, na asipatikane hata mmoja wa kulizuia?

Neti zenye matundu

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, aliyeandika sana kuhusu makosa ya binadamu katika miaka ya 1990, alitufundisha kutofautisha aina za makosa. Kuna kuteleza, yaani unajua la kufanya lakini mkono unafanya jingine. Kuna kusahau, yaani hatua moja inaachwa. Na kuna kukosea uamuzi, yaani unafanya barabara kabisa jambo ambalo halikufaa kufanywa. Daktari aliyempasua kwa ustadi mgonjwa asiye wake yuko katika kundi hili la mwisho. Mkono wake haukuteleza. Habari alizopewa ndizo zilizokuwa potovu.

Reason alifananisha kinga za hospitali na vipande vya jibini yenye matundu. Sisi tunaweza kufikiria neti za mbu. Chukua neti nne kuukuu, kila moja ina matundu yake, uzitungike moja juu ya nyingine. Mbu akipenya ya kwanza atazuiwa na ya pili. Atakuuma tu siku ambayo matundu ya neti zote nne yamelingana. Neti hizo ni bangili yenye jina la mgonjwa, faili yake, muuguzi anayempokea, na daktari anayesoma picha kabla ya kushika kisu.

Kutokana na mfano huo tunaona kwamba kumfukuza mtu mmoja ni kuondoa neti moja na kuweka nyingine mpya. Isipochunguzwa ni nini kilichotoboa ile ya kwanza, hii nayo itatoboka.

Kosa linahesabiwaje?

Mwaka 1983, wataalamu wawili wa Marekani, Alan Swain na Henry Guttmann, walitoa kitabu kikubwa cha kukadiria makosa ya wafanyakazi wa mitambo ya nyuklia. Miaka michache baadaye Mwingereza J. C. Williams alibuni njia nyepesi zaidi iitwayo HEART. Tuitazame njia hii, maana haihitaji zaidi ya hesabu za shule ya msingi.

Kwanza unaitazama kazi yenyewe. Kazi ya kila siku, inayofanywa upesi na isiyodai ujuzi mwingi, inakadiriwa kuwa na kosa mara 2 katika kila 100. Kazi ngumu inayodai ufahamu na ujuzi wa hali ya juu inakadiriwa kuwa na makosa 16 katika kila 100. Hizi ni hesabu za mtu mzima wa akili na afya, aliye katika hali ya kawaida.

Pili, unaitazama hali anamofanyia kazi. Williams aliorodhesha mambo yanayochochea makosa na akayapa uzito. Hali ambayo mtu hajawahi kukutana nayo inaweza kuzidisha uwezekano wa kosa hadi mara 17. Kukosa wakati wa kulitambua kosa na kulirekebisha, hadi mara 11. Uchanga wa kazi, hadi mara 3. Kutokuwepo mtu mwingine wa kuikagua kazi hiyo, hadi mara 3 vile vile.

Mkaguzi haongezi uzito wote kiholela. Anajiuliza: hali hii ipo kwa kiasi gani? Tuchukue mfano wa muuguzi anayehesabu vitambaa vya kufyonzea damu kabla tumbo la mgonjwa halijashonwa. Tuseme hii ni kazi ya makosa 2 katika 100. Sasa ni usiku wa manane, mgonjwa wa pili yuko mlangoni anavuja damu, na mkaguzi anaona kwamba uhaba wa wakati upo kwa kiasi cha nne kwa kumi. Chukua 11, toa 1, unapata 10. Nne kwa kumi ya 10 ni 4. Ongeza 1, unapata 5. Muuguzi huyo pia ni mgeni katika kazi hiyo, na mkaguzi anakadiria kwamba jambo hilo lipo kwa nusu. Chukua 3, toa 1, unapata 2. Nusu yake ni 1. Ongeza 1, unapata 2. Kisha zidisha: 2 mara 5 mara 2. Jawabu ni 20.

Umeona? Muuguzi ni yule yule, na kiapo chake ni kile kile. Lakini uwezekano wa kukosea umepanda kutoka 2 hadi 20 katika kila 100, na sababu ni saa, umati na uchanga wa kazi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Williams aliiwekea haraka hiyo tarakimu.

Bila shaka hesabu hizi hazikutungiwa tumbo la binadamu, na mtu asizichukue kama utabiri wa mganga. Faida yake ni kuonyesha mahali pa kuanzia matengenezo. Katika mfano wetu, kumwongezea muuguzi dakika chache kutapunguza hatari zaidi ya kumwongezea onyo.

Isitoshe, yaliyoonekana hospitalini yanafuata mkondo huo huo. Mwaka 2003, daktari wa upasuaji wa Marekani, Atul Gawande, na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 54 ambao walisahauliwa vitambaa au vyombo mwilini. Hatari ilikuwa karibu mara 9 pale upasuaji ulipokuwa wa dharura, na karibu mara 4 pale mpango wa upasuaji ulipobadilika ghafla katikati. Na katika visa ambavyo vitu vilihesabiwa, asilimia 88 ya hesabu hizo zilitangazwa kuwa sawa. Kwa hivyo, watu walihesabu, wakaridhika, na kitambaa kikabaki ndani.

Walinzi wanne wanapokuwa mmoja

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha somo la leo. Huenda ukasema: "Daktari, mtu mmoja hukosea, lakini kuna watu wanne. Wanne hawawezi kukosea pamoja."

Tupige hesabu. Tuseme kila mmoja wa hao wanne, akikabidhiwa mgonjwa asiye wake, anaweza kupitiwa mara 1 katika kila 10. Ikiwa kila mmoja anakagua kwa macho yake mwenyewe, uwezekano wa wote wanne kupitiwa ni 1 katika 10,000. Hiyo ni kinga madhubuti.

Lakini tuangalie yanayotendeka. Wa pili anamwona wa kwanza ameshatia sahihi, naye anatia yake. Wa tatu anaona sahihi mbili, anaona haya kuuliza tena. Wa nne anakuta mgonjwa amekwisha kulala usingizi wa dawa na kichwa kimekwisha kunyolewa. Swain na Guttmann walikuwa na kanuni ya hali kama hii, ambapo mtu anamtegemea sana aliyemtangulia: uwezekano wa kupitiwa haubaki 1 katika 10, bali hupanda hadi kupita nusu, yaani 55 katika 100. Zidisha moja ya kumi kwa 0.55 mara tatu. Jawabu linakaribia 1 katika 60.

Linganisha 1 katika 10,000 na 1 katika 60. Watu ni wale wale wanne. Idadi ya sahihi kwenye karatasi ni ile ile. Tofauti ni kwamba katika hali ya kwanza kila mtu alitazama, na katika hali ya pili kila mtu aliamini kwamba mwenzake ametazama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika chumba cha upasuaji anayekufa si yule aliyetegemea.

Sidai kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa Kenyatta, mimi sikuwepo. Ninalosema ni kwamba hospitali yoyote inayohesabu sahihi badala ya kuhesabu macho inajidanganya.

Mkubwa haambiwi?

Kuna neti nyingine ambayo hutoboka kimya kimya, nayo ni woga wa kusema.

Mwaka 2005, mwanamke mmoja nchini Uingereza alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa pua. Alipopewa dawa ya usingizi, njia yake ya hewa ilikataa kupitisha mpira wa kupumulia. Madaktari watatu wenye uzoefu mkubwa waling'ang'ana kuuingiza mpira huo huku dakika zikipita na hewa ikipungua mwilini. Muuguzi mmoja alileta vyombo vya kutoboa koo, jambo ambalo huenda lingemwokoa. Mwingine alipiga simu kutafuta kitanda katika wodi ya wagonjwa mahututi. Wauguzi waliona hatari, lakini sauti yao haikupenya. Mama huyo alifariki siku 13 baadaye.

Mumewe alikuwa rubani wa ndege. Aliposimuliwa yaliyotokea alishangaa, kwa sababu marubani walikuwa wamekwisha kujifunza somo hilo kwa damu. Mwaka 1977 ndege mbili ziligongana kwenye uwanja wa Tenerife na watu 583 wakafa. Fundi wa ndege mojawapo alikuwa ameuliza kama njia ilikuwa wazi, nahodha wake akampuuza. Tangu hapo marubani hufunzwa kwamba mdogo ana wajibu wa kusema na mkubwa ana wajibu wa kusikiliza. Mjane huyo alitumia msiba wake kuwahimiza madaktari wa nchi yake wafuate mafunzo hayo, na mwaka 2007 akaanzisha chama kwa kazi hiyo.

Leo ushirikiano wa timu nao hupimwa. Huko Scotland, Chuo Kikuu cha Aberdeen pamoja na madaktari wa upasuaji walitunga kipimo kiitwacho NOTSS. Mkaguzi hukaa pembeni akitazama mambo manne: jinsi daktari anavyoisoma hali, anavyoamua, anavyozungumza na wenzake, na anavyoongoza. Kila jambo hupewa alama kutoka 1 hadi 4. Kipimo hicho kimetengenezwa upya nchini Rwanda ili kifae hospitali zenye vifaa na wahudumu wachache. Sioni ni kwa nini jirani watangulie nasi tubaki nyuma.

Karatasi ya mambo 19

Mnamo 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha fupi ya usalama wa upasuaji. Ni ukurasa mmoja wenye mambo 19, na husomwa kwa sauti mara tatu.

Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe huthibitisha jina lake, upasuaji anaofanyiwa na mahali penyewe. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake, kisha wote wanathibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Kabla mgonjwa hajaondolewa, muuguzi hutamka hesabu ya vitambaa, sindano na vyombo.

Huenda ukacheka kusikia watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi wakitajiana majina. Lakini mtu aliyekwisha kusikika mara moja haoni vigumu kufungua kinywa mara ya pili. Tena, kusoma kwa sauti kunawalazimisha wote kutazama kwa wakati mmoja, kila mtu kwa macho yake. Hiyo ndiyo dawa ya ule ugonjwa wa 1 katika 60.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane: London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, Amman, New Delhi, na Ifakara kwa jirani zetu wa Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Hata hivyo, karatasi si hirizi. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichunguza hospitali 101 za mkoa wa Ontario ambako matumizi ya orodha yalikuwa yamehimizwa kutoka juu. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65 tu, tofauti ndogo mno ya kujivunia. Wengi wanaona kwamba orodha ikiwekewa alama tu bila watu kusikilizana, inageuka kuwa sahihi nyingine katika msururu wa sahihi.

Wewe ufanyeje?

Kwanza kabisa, usiukimbie upasuaji kwa sababu ya makala haya. Utumbo uliojisokota au mimba iliyotunga nje ya kizazi itakuua kwa hakika kubwa kuliko kosa lolote la daktari. Ukiambiwa ni dharura, kubali upesi. Lakini wewe na jamaa zako mnaweza kuwa neti ya tano:

- Ukiulizwa, "Wewe ndiwe Achieng'?" usijibu "ndiyo" tu. Taja majina yako yote, upasuaji unaofanyiwa, na upande: kulia au kushoto. Rudia kila unapoulizwa bila kukasirika. Anayekuuliza mara ya nne anafanya kazi yake.

- Isome bangili yako mwenyewe. Jina likiwa na kasoro, hata ya herufi moja, litaje kabla ya kuondoka wodini.

- Ikiwa kiungo kina jozi, kama vile jicho, goti au figo, omba mahali pawekwe alama ya wino ukiwa bado macho.

- Eleza dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, meno ya bandia, na saa uliyokula mara ya mwisho. Usifiche kikombe cha chai ulichokunywa asubuhi.

- Mtoto, mzee aliyechanganyikiwa na aliyezimia hawawezi kujitetea. Jamaa mmoja anayemfahamu amsindikize hadi mlangoni, na athibitishe jina mbele ya muuguzi anayempokea.

- Uliza mapema: "Je, hapa mnatumia ile orodha ya WHO, na huwa mnaisoma kwa sauti?" Daktari mzuri hatachukizwa. Kuuliza si ujinga.

- Ukirudi nyumbani ukapata homa, usaha, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, rudi hospitalini na usikubali kuambiwa ni kawaida kabla ya kupimwa. Na ikiwa unaamini umetendewa vibaya, Baraza la Madaktari (KMPDC) lina wajibu wa kupokea malalamishi yako.

Nao wasimamizi wa hospitali wana kazi yao. Mfanyakazi anayeripoti kosa lililonusurika dakika ya mwisho anatuonyesha tundu la neti kabla mbu hajapita. Akiadhibiwa kwa kusema, kesho atanyamaza, na tundu litabaki pale pale likingoja mgonjwa mwingine.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Lakini tumeona kwamba ajali nyingi za chumba cha upasuaji zina kinga, na nyingine hata hazihitaji fedha: dakika chache, majina yanayotajwa kwa sauti, na mkubwa anayekubali kusimamishwa na mdogo wake. Siku yako ikifika, lala mezani ukiwa umekwisha kulitaja jina lako.